Maneno Niliyomnyooshea Kaka Yangu

Hadi leo mtu akinisifu kwamba Kiswahili changu ni safi, natamani kumwambia anyamaze. Usafi huo ndio ulionitia matatani. Niliupata katika hospitali ndogo ya Garissa, miaka ile ya vita vya shifta, nikiwa mkalimani wa daktari, na kwa sababu yake kaka yangu alikaa siku ishirini na mbili ndani ya banda la mabati akiulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Siandiki haya ili nihurumiwe. Nimechoka tu kuwasikia watu wa nyumbani wakisimulia kwamba kaka aliponzwa na majini, au na serikali, au na dawa. Majini sijui, serikali ilikuwa na lake, lakini wa kwanza kumponza nilikuwa mimi.

Daktari alikuwa Mhindi mfupi, mtu wa Mombasa, mwenye Kiswahili cha dukani na subira kidogo sana. Wagonjwa wake karibu wote walikuwa wenzangu, wasiojua lugha nyingine ila Kisomali. Mimi nilisimama kando ya meza, katikati yao. Mama mmoja angeingia, akaanza na salamu, akaingia kwenye mvua iliyokosekana, akamtaja mbuzi wake aliyekufa na ndoto aliyoota, na mwisho kabisa, akishachoka, akafika kwenye mgongo wake. Mimi nilimgeukia daktari nikasema, "Mgongo, wiki mbili, usiku zaidi." Daktari alifurahi na foleni ikasonga. Alinisifu mbele ya wauguzi, akasema mimi najua kupepeta, pumba natupa, mchele namletea mezani. Kichwa kilinivimba. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, nilikuwa na shati jeupe, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwamba kuna magonjwa yanayokaa ndani ya pumba.

Kaka yangu alinizidi miaka minne. Huko kwetu, upande wa Balambala, yeye ndiye aliyekuwa akiusemea ukoo kisimani. Ukizuka ugomvi wa zamu ya kunywesha ngamia, wazee wenye ndevu nyekundu za hina walikaa kimya wakimngoja aseme. Kwetu ulimi ni mali. Mtu asiyejua kupanga maneno, hata akiwa na zizi limejaa, atasikilizwa kwa adabu tu, na akiondoka watu watatazamana. Kaka akiondoka, watu hawakuwahi kutazamana hivyo. Nakumbuka nikiwa mdogo nilikaa nyuma yake nikiyarudia maneno yake kwa midomo bila sauti, ili siku moja niyaseme mimi.

Kisha vita vikaja, ngamia wetu wakachukuliwa kwa sababu ilisemekana mifugo inawalisha shifta, waasi wa nyikani, na sisi tukahamishiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa senyenge nje ya mji wa Garissa. Lango lilikuwa moja, na kambi ya askari ilikuwa kando yake. Kafiu ilianza jua likizama na kuisha alfajiri, na hata mchana hukutoka bila pasi. Mimi nilikuwa na pasi ya hospitali. Watu wengi walinyamaza mwaka ule, kwa hivyo kaka naye aliponyamaza hatukushtuka. Tulisema ni uchungu wa mali. Akaanza kucheka peke yake, tukasema afadhali anacheka. Akaanza kuwajibu watu ambao hawakuwepo, na hapo hatukuwa na la kusema.

Alichokuwa akisikia nitakieleza, kwa sababu kila kitu kilitokana nacho. Kwetu mtoto akifika miaka sita au saba ameshafundishwa kuwataja baba zake: jina la baba, la babu, la baba wa babu, mmoja baada ya mwingine bila kukwama, mpaka juu kabisa kwenye shina la ukoo. Tunaiita abtirsi. Ukikutana na mtu nyikani hamuulizani mnatoka wapi, mnatajiana baba zenu mpaka mjue mmeachana wapi. Basi kaka alisema kila asubuhi baada ya swala kuna watu nje ya senyenge wanasoma abtirsi yetu kwa sauti. Wanaanza juu, wanashuka, wanamtaja babu, wanamtaja baba, na wakifika kwake wanamruka. Wananitaja mimi.

Alitaka kwenda kuwauliza kwa nini wanamruka. Hilo tu. Alitoka chini ya senyenge mara ya kwanza akarudishwa na askari aliyenifahamu. Akatoka mara ya pili. Nyakati zile mtu aliyekutwa nje bila pasi alikuwa shifta mpaka ithibitike vinginevyo, na risasi haingoji uthibitisho. Mama aliacha kulala. Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, alikaa mlangoni mwa kibanda miguu ameinyoosha ili kaka asipite bila kumkanyaga.

Tulifanya yale yanayofanywa. Alisomewa Kurani, akanyweshwa maji yaliyosomewa, akafukiziwa ubani. Alipotoka mara ya tatu tulimfunga mguu kwa kamba, ile ile tuliyokuwa tukiwafungia ngamia dume, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki katika mali yetu. Nililifunga fundo mimi. Alinitazama nikilikaza, akamgeukia mama, akasema kwa upole, "Hooyo, unaona? Ndugu yangu hafungi hivi. Huyu amejifunza juzi."

Ndiyo mara ya kwanza aliposema kwamba mimi si ndugu yake. Kwa hesabu yake, kama sauti zinanitaja mimi mahali pake, basi kuna hila, na kama kuna hila, basi mimi ndiye niliyewekwa. Ndugu yake wa kweli wamemchukua pamoja na ngamia, na mimi ni mtu wa kambi niliyevishwa sura yake. Alikuwa amelipanga jambo hilo vizuri kama alivyokuwa akipanga kesi ya kisima.

Sheikh aliyemsomea hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na haraka siku zote, na kibofu kibaya kilichomleta hospitalini kwetu kila mwezi. Baada ya miezi mitatu alifunga msahafu akasema, "Jini ninayemjua mimi husema au hutoka. Huyu hasemi wala hatoki. Mpelekeni kwa daktari. Kisomo kitaendelea, moja halizuii jingine." Mama alilia. Mimi niliona haya, maana nilifanya kazi hatua chache kutoka meza ya daktari na kwa miezi yote hiyo sikuwa nimemtajia daktari kwamba nina kaka.

Kilichotusukuma kwenda si sheikh. Kaka alikata kamba akatoka mara ya nne, mchana kweupe, akakutwa kwenye mikoma karibu na mto akihojiana na watu wasioonekana. Mkuu wa kambi, afisa kijana wa kutoka bara, aliniita ofisini. Hakuwa mkatili, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angekuwa mkatili. Alisema, "Kama huyu ni mgonjwa, niletee barua ya daktari, nitamwacha kwa mama yake. Kama si mgonjwa, basi huko nje anakutana na watu, na mimi nitataka kuwajua." Alinipa mpaka Ijumaa.

Nilitoka pale nimefurahi. Barua ya daktari! Nani wa kuipata kwa urahisi kuliko mimi?

Jumatano nikaingia na mama na kaka. Dirisha la chumba cha daktari lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na foleni ya watu wetu ilikaa chini yake ukutani. Karani wa hospitali alikuwa ndani, na wauguzi wawili. Daktari alisema, "Mwambie anieleze mwenyewe. Anasikia nini?"

Kaka akasema. Aliketi wima, kama zamani kisimani, mkono mmoja gotini. Alisema, "Wanasoma majina. Mto umekwisha kujua. Baba yangu amelala chini ya ardhi, na kambi iko juu ya ardhi, kwa hivyo kambi imemkalia baba na baba ni mali ya kambi. Chumvi imetiwa majina. Mimi sikutiwa. Huyu aliyesimama hapa si ndugu yangu. Amevaa ngozi ya ndugu yangu. Daktari, mvue umwone."

Nilisikia dirishani mtu akikohoa. Nilimwona karani amenikodolea macho, akingoja. Na mimi, mtu wa kupepeta, nikapepeta. Nilisema, "Anasema ana huzuni kwa ajili ya mifugo. Anawakumbuka wazee waliokufa. Anashukuru kwamba yuko hapa na ndugu yake."

Najua unavyoniwazia, na mimi nimejiwazia vibaya zaidi. Lakini naomba uelewe kwamba sikukaa nikaamua kusema uongo. Ilitoka yenyewe. Mtu aliyekuwa mdomo wa ukoo anabwabwaja upuuzi mbele ya wageni, na kazi yangu ya kila siku ni kuyapa maneno ya watu shingo na miguu. Nilimpa kaka shati safi, nikamfunga vifungo. Kama angekuja uchi hospitalini ningemfunika kwa koti langu, na kila mtu angesema nimefanya vyema.

Daktari aliuliza maswali mengine. Leo ni siku gani? Uko wapi? Kaka alijibu sawasawa, maana hayo aliyajua. Kila jibu lililopinda nililinyoosha, na mawili yaliyopinda mno niliyameza. Daktari aliandika, akagonga muhuri, akanipa. Nilisoma mlangoni: ana huzuni ya kawaida, akili timamu.

Nilifurahi. Nataka liandikwe hilo. Niliona "akili timamu" kwa hati ya daktari na kwa nafasi ya hatua tano au sita nilitembea nikiwa mtu ambaye kaka yake si mwendawazimu. Mkuu wa kambi aliisoma barua mara mbili, akaikunja. "Vizuri," alisema. "Kwa hivyo anajua anachofanya."

Walimchukua jioni ile.

Siku hizo ishirini na mbili nilikwenda kazini kila siku. Niliwatafsiria watu malaria yao. Kila nikifungua mdomo nilisikia sauti yangu ikisema "anashukuru kwamba yuko na ndugu yake," na nilitaka kuitapika. Waswahili wana msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na muuguzi mmoja alikuwa akipenda kuwaambia hivyo wagonjwa waliochelewa. Nilikuwa nikiutafsiri msemo huo kwa Kisomali kizuri sana.

Mama aliniuliza siku ya nne au ya tano. Alikuwa akichambua mchele wa posho. "Ulimwambia daktari kwamba anasema wewe si ndugu yake?"

"Hapana, Hooyo."

"Ulimwambia habari za chumvi?"

"Hapana."

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mawe, akayaweka kando moja moja. "Ulikuwa unamsitiri yeye," akasema, "au ulikuwa unajisitiri wewe?" Nikatoka nje, na hakurudia swali hilo maisha yake yote. Ningependa angerudia.

Kisha karani wa kambi akaniita. Mkuu alikuwa na karatasi mbili zilizojaa majina. Kaka alikuwa ameulizwa anakutana na nani huko nje, na yeye, mtu mkweli, aliwataja wote. Mkalimani wa kambi alikuwa mfanyabiashara wa bara aliyejua Kisomali cha kupimia sukari tu, basi alimwambia karani aandike, na karani akaandika, jina chini ya jina. Walimwuliza watu hao wanajificha wapi. Alisema kaburini. Wakaona anawadhihaki, akazabwa makofi kwa hilo.

"Unawafahamu?" mkuu aliniuliza. "Wako katika kijiji chetu?"

Nilisoma jina la kwanza, la pili, na kufikia la tatu midomo yangu ilikuwa imeshatangulia karatasi. Ilikuwa abtirsi yetu, yote, bila kosa, kutoka shina mpaka kwa baba. Mwisho kabisa liliandikwa jina langu. Lake halikuwemo.

"Hawa ni babu zetu," nilimwambia. "Baba alikufa kabla ya vita. Wengine walikufa kabla reli haijajengwa. Hapa aliye hai ni mmoja tu, na ndiye anayesema nawe."

Hakucheka. Alizitazama karatasi zake, na nafikiri aliona haya, kwa sababu orodha hiyo ilikuwa imeshapigwa nakala ili watu hao wasakwe. Ila alikuwa mtu wa barua. "Mtu anayekutana na wafu ni mgonjwa," alisema. "Lakini daktari wako anasema ni mzima. Mimi siwezi kumpinga daktari. Rudi kwake, niletee barua nyingine."

Safari hii amu yangu, mfanyabiashara wa mbuzi, alisema atakuja nasi ili anisikilize. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani lakini hakunyoosha kitu. Kaka aliletwa na askari wawili. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na alikuwa akinong'ona bila kupumzika. Kabla sijafungua mdomo, amu aliinama juu ya meza akasema, "Daktari, wallahi, hii kijana nagonjwa. Si shifta. Kichwa yake nabotea. Safari hii iko maneno mingi, na hii mukalimani yako atasema yote, mimi nasikia."

Daktari alikunja uso. "Nimeshaandika barua ya mtu huyu."

"Daktari," nilisema, "mara ile sikukwambia alichosema. Nilikwambia alichopaswa kusema."

Aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaniangalia kwa macho yake madogo. Nilidhani atanifukuza kazi na nilitamani anifukuze. "Mimi mgonjwa wa mfupa namwona kwa mkono," alisema. "Mgonjwa wa moyo nasikiliza kwa mpira. Mgonjwa huyu nina kitu kimoja tu cha kupimia, maneno yake, na wewe umekwenda kuyafua na kuyapiga pasi! Kaa hapo. Leo neno kwa neno. Kama halina maana, usilipe maana."

Nilimwomba tufunge dirisha. Alisema hapana, joto. Watu wetu walikuwa pale pale chini yake.

Basi nikatafsiri. Nilisema mto umekwisha kujua. Nilisema kambi imemkalia baba na baba ni mali ya kambi. Nilisema chumvi imetiwa majina. Ni vigumu kueleza ilivyo kazi kusema sentensi isiyo na kichwa wala mkia bila kuishika mkono. Ulimi unataka kuisaidia. Mama hakujua Kiswahili lakini aliniangalia mdomoni muda wote. Kisha kaka akainua kidole akanionyesha, akasema polepole, na mimi nikasema polepole baada yake:

"Huyu anayesema nawe si ndugu yangu. Amevaa ngozi ya ndugu yangu. Mara ile aliyageuza maneno yangu hapa hapa. Nilimsikia, maana Kiswahili cha kuuzia dume nakijua. Nilisema si ndugu yangu, naye akasema ni ndugu. Ndugu yangu asingeyageuza maneno yangu."

Amu alinigusa bega, akidhani nimebakiza kitu, akasema, "Sema, sema." Hakukuwa na la zaidi, kaka alikuwa amemaliza. Lakini nilikuwa nimeelewa. Alikuwa na shaka juu yangu kabla ya siku ile ya kwanza, shaka tu, na mimi kwa ulimi wangu safi nilimletea ushahidi.

Daktari aliuliza ameanza lini, analala vipi, katika jamaa zetu kuna mwingine. Kulikuwa na mwingine, dada wa nyanya yetu, aliyekuwa akifungwa kwenye mti huko nyikani na ambaye hatumtaji. Tulimtaja. Kisha akaeleza, na akanitaka nimtafsirie mama bila kupunguza. Alisema ugonjwa huu unaitwa skizofrenia. Alisema si jini na si uongo, na si kosa la malezi. Sauti kaka anazisikia kweli, kama mimi nilivyomsikia yeye, isipokuwa zinatoka ndani ya ubongo wake mwenyewe, na hakuna ubishi utakaozishinda, kwa hivyo tuache kubishana naye. Alisema kamba haitibu, wala kofi. Kuna dawa. Haitaung'oa ugonjwa, itaupunguza makali, na hata siku akipata nafuu tusiiache.

Kisomali changu kilikuwa na neno moja tu la mambo haya yote, nalo ni tusi. Sikulitumia. Nilimwambia mama, "Ni ugonjwa wa kusikia na kufikiri. Una jina refu." Mama aliuliza kama watu wengine duniani wanao. Daktari akasema ndiyo, kila kabila, hata Wahindi. Mama akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu tuhamishwe, hivyo ndivyo nilivyoona.

Barua ya pili ilimtoa kaka kwenye banda. Alidungwa sindano, kisha akaanzishiwa vidonge, asubuhi na jioni. Wiki za kwanza alilala tu. Mikono yake ikakakamaa, mate yakamkauka, na ngozi yake ikawa haivumilii jua. Akikaa nje nusu saa, uso uliungua na kubanduka. Mchungaji wa ngamia asiyeweza kukaa juani, Garissa! Nilikwenda nikamfokea daktari. Alinifokea pia, akapunguza kipimo, akasema avae kilemba kipana na ashinde kivulini. Mama alimtengea upande wa kibanda usio na jua, akawa anamhamisha na kivuli kilivyohama.

Mwezi wa pili wa dawa sauti zilisogea. Alisema wasomaji wamevuka mto, wako ng'ambo, hasikii tena majina vizuri. Hakutoka chini ya senyenge tena. Mama alichukua ile kamba akaifunga kwenye ndoo ya kisima.

Natamani ningeishia hapo. Lakini barabara ilifungwa mvua ziliponyesha na malori ya msafara yakakaa bila kuja, na vidonge vikaisha. Siku ya tisa wasomaji walikuwa wamerudi upande wetu. Nilikaa mlangoni na mama kwa zamu, miguu tumeinyoosha. Daktari alipiga simu ya polisi, akapiga tena, akaambiwa kuna vita. "Ugonjwa haujaambiwa kuna vita," alijibu, na simu ikakatwa. Dawa ilifika, kaka akatulia, ikakatika tena mwaka uliofuata. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, na watu wanaoniambia dawa za hospitali hazimfai mwenye jini sijui walitarajia nini kutoka kwa dawa isiyofika.

Vita viliisha, senyenge ikaviringishwa ikapelekwa kwingine. Kaka aliishi. Alichunga mbuzi wachache jioni, jua likishapoa. Alizungumza kwa mpango tena, si kama kisimani, lakini vizuri, na watoto walimpenda. Alimjua mama, alimjua amu, alijua kila mbuzi. Mimi alinipokea kama mgeni, kwa adabu kamili, akaniulizia afya ya watu wangu, akanipa mahali pa kukaa. Nilimletea vidonge kila mwezi kwa miaka mingi. Daktari aliwahi kuniambia kwamba sauti huondoka na mambo mengine hubaki, hakuna ajuaye kwa nini, nami nilimchukia kwa ukweli huo.

Siku moja, mama akiwa ameshafariki, nilimpeleka kupimwa. Muuguzi alikuwa mgeni, msichana wa kutoka bara, hakujua Kisomali. Aliuliza ni nani nyumbani anayehakikisha kaka anameza dawa. Nikamtafsiria kaka swali.

"Mkalimani huyu," kaka alisema. "Ndiye anayeniletea."

"Ni ndugu yako?" muuguzi aliuliza, na mimi nikauliza baada yake.

Kaka alinitazama, akafikiri. "Hapana," akasema. "Ndugu yangu alipotea wakati wa vita. Huyu ni mtu mwema tu. Zamani alikuwa mwongo, lakini siku hizi anasema maneno yangu yote."

Muuguzi alinigeukia, kalamu mkononi, akingoja. Nikamwambia yote, neno kwa neno.